King'ora Kisichokufa

Asubuhi nzima niliwatembeza mashabiki wa ving'ora kiwandani kwetu, Nebraska, nikiwatambia kwamba hakuna anayetengeneza ving'ora vya kuonya watu kuhusu kimbunga kutushinda. Saa sita mchana king'ora cha mji kikalia, maana ilikuwa siku ya majaribio. Wageni wakafumba macho, utadhani wako kanisani.

Mmoja wao, Mzee Orville, akafumbua lake moja. "Darlene, mama, hicho si chenu! Hicho ni cha wapinzani wenu!"

Wakaangua kicheko. Nilitamani kuwatimua.

"Chekeni tu! Halmashauri imetuahidi itanunua chetu siku hicho kitakapokufa."

"Na kitakufa lini?"

"Sijui, bwana! Baba alifanya kazi hapahapa, akakisubiri mpaka akastaafu."