Gitaa la Msusi wa Mikeka

Mwaka 1970, Jumamosi moja asubuhi, Mastura binti Abeid aliingia kwenye karakana ya fundi Gaudensi, mtaa wa Chikongola, Mtwara, akaomba ubao wa mninga. Fundi alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda. Aliuliza ubao ni wa kazi gani, Mastura akajibu kuwa ni wa gitaa la umeme. Gaudensi alimaliza mguu wa kitanda kwanza, kisha akaenda kuchagua ubao.

"Mimi sijawahi kutengeneza gitaa, dada," alisema.

"Hata mimi sijawahi. Ndiyo maana nataka ubao mzuri."

Chanzo cha yote kilikuwa tangazo. Mpiga gitaa wa bendi ya vijana wa bandarini alikuwa amehamia Dar es Salaam, na gitaa la bendi lilihama naye. Bwana Lukasi, kiongozi wa bendi, akasimama mbele ya ukumbi mzima na kutangaza kwamba yeyote atakayekuja na gitaa lake mwenyewe la umeme kabla ya dansi la Saba Saba, nafasi ni yake. Alisema yeyote. Mastura alikuwepo na alisikia vizuri. Alikuwa amejifunza kupiga kwenye gitaa kavu la kaka yake Alawi, mpaka Alawi alipoondoka nalo kwenda Tanga, na tangu siku hiyo vidole vilikuwa vikimwasha. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kumtaka mume, na waume alikuwa amewahi kuwa nao wawili.

Kwa kazi alikuwa msusi wa mikeka, tena hodari, na hakusubiri mtu amwambie. Gitaa hata hivyo halikujali uhodari wake. Shingo ya kwanza aliichonga kwa mti mbichi, jua likaipinda kama ndala kuukuu. Ya pili aliichonga kwa mninga wa Gaudensi, ikakaa. Sumaku alizitoa kwenye dainamo ya baiskeli, nyuzi alizichambua kutoka kwenye waya za breki, na waya wa shaba aliupata kwenye feni iliyoungua. Kuzungushia sumaku waya mwembamba kama unywele, safu juu ya safu bila kuukata, kumewashinda mafundi wengi wenye vyeti. Mastura aliimaliza kazi hiyo huku akisengenya harusi ya jirani pamoja na Bi Hadija wa nyumba ya pili, na waya haukukatika, wala masengenyo.

Alikosea mahali pamoja. Shingo ya gitaa ina vyuma vilivyolala kwa upana, ambavyo mpigaji hukandamiza uzi kati yake ili sauti ipande, na nafasi kati ya chuma na chuma hupungua kadiri unavyokaribia tumbo la gitaa. Vidole vya Mastura vilikumbuka hivyo kutoka kwenye gitaa la Alawi. Lakini jicho la msusi halivumilii nafasi zisizolingana. Aliamini kuwa aliyetengeneza lile gitaa la Alawi alikuwa mvivu, akaamua kumsahihisha. Alikata spoki za baiskeli na kuzipachika shingoni kwa kupima vidole viwili, vidole viwili, toka juu mpaka chini, kama unavyopimwa ukili, ule ukanda uliosukwa wa mkeka, kabla ya kushonwa. Ilipendeza sana kuitazama.

Alichomeka gitaa kwenye redio ya mbao aliyoachiwa na baba yake, kwenye lile tundu la nyuma la santuri. Redio ikanguruma. Alipogusa nyuzi ngurumo ilinyamaza, akiziachia inarudi, kwa hiyo akaziunganisha nyuzi na ganda la chuma la waya uliokwenda kwenye redio, na redio ikatulia moja kwa moja. Kisha akapiga.

Sauti haikutoka. Kwenye kitambaa cha spika ulitokeza ukili, umesukwa tayari, ukateremka taratibu mpaka sakafuni. Uzi mnene ulitoa ukili mpana usio na rangi, uzi mwembamba ulitoa mwembamba wa zambarau. Alipokandamiza nyuzi kadhaa kwa pamoja ulitoka wa mistari. Bi Hadija, aliyekuwa mlangoni, aliokota ncha na kuikagua.

"Umesukwa vizuri, mwanangu. Ila hapa hukuufunga."

Walishona mkeka. Usiku ule Bi Hadija akaulalia, na kila alipogeuka mkeka ulipiga kipande cha wimbo, vizuri tu, kwa mpangilio. Alisema ulimsaidia kupata usingizi. Ndani ya muda mfupi nyumba nyingi za Chikongola zilikuwa na mkeka wa aina hiyo, na malalamiko yaliyokuwepo ni ya watu wenye watoto wanaorukaruka.

Mastura hakuridhika. Alitaka gitaa. Aling'oa spoki, akawa anasukuma kipande cha chuma chini ya uzi, kidogo kidogo, akisikiliza, na pale sikio lilipokubali ndipo alipopachika. Nafasi zikaja zikipungua, jicho likachukia, akaliambia jicho linyamaze. Alipochomeka tena, ilitoka sauti safi ya gitaa la umeme, kubwa, iliyofika mpaka kwa Gaudensi. Alicheka peke yake kwa furaha. Alijua nafasi ni yake.

Bendi ilimsikiliza akipiga wimbo mmoja mzima, bila kumkatiza.

"Gitaa limetengenezwa vizuri mno," alisema Bwana Lukasi. "Sasa tutafute mtu wa kulipiga."

"Nimetoka kulipiga sasa hivi, Bwana Lukasi."

"Tumesikia, dada yangu. Nazungumzia mpigaji wa bendi."

"Ulisema yeyote."

"Nilisema, ndiyo. Na kila mtu alielewa nina maana gani."

Nafasi akapewa Mwalimu Erasto, kijana mpole aliyehamishiwa Mtwara kutoka Dodoma. Hakuwa na gitaa. Sharti la gitaa liliachwa bila tangazo lolote. Waliomba la Mastura kwa mkopo, akawaambia halitoki bila mikono yake, basi wakaazima jingine Lindi. Mastura alipokuwa akifungasha, Lukasi alikumbuka jambo.

"Ile mikeka yako, dada. Tuletee ya kutandika jukwaani. Mbao zimelegea, zinagongagonga."

Aliumia. Alitembea hadi nyumbani bila kuitikia salamu hata moja, na hilo watu wa mtaa waliliona la ajabu sana. Alipofika alikaa kidogo. Kisha akang'oa spoki na kuzirudisha pale pale pa mwanzo, vidole viwili, vidole viwili. Safari hii alijua anachofanya. Alipiga wimbo wake bora, tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na ukili ukajaza ua. Wanawake wa jirani walikuja na sindano zao wakashona.

"Wakiusikia," alimwambia Bi Hadija, "watajua ni wa nani. Mikeka yangu nani asiyeijua?"

Siku ya dansi ukumbi ulijaa. Gitaa la Lindi lilikuwa na nyuzi zenye kutu, na spika yake ilikoroma kama mgonjwa. Ila wanabendi walipoanza kugonga miguu kushika mapigo, mikeka ikaanza. Wimbo wa Mastura ulipanda kutoka chini ya viatu vyao, ukalifunika gitaa la Erasto, ukawainua watu vitini. Erasto alisikiliza kidogo, akaona haina haja, akaacha kupiga na kubaki amelishika tu lile gitaa. Watu walicheza mpaka mashati yakalowa. Waliuliza mpiga gitaa ni nani, wakaonyeshwa Erasto, wakapiga makofi. Erasto akainama.

"Wimbo si wako huo?" alinong'ona Bi Hadija. Walikuwa wamekaa karibu na mlango.

"Wangu. Ameinama mapema, bado kuna ubeti."

"Na mikeka wanaikanyaga, wanaiona, hawasemi kitu."

"Nimeona," alisema Mastura. "Mwakani nitatandika ukumbi mzima."

Mikeka ilipiga ubeti uliobaki, ule mzuri kuliko yote, huku Erasto amesimama wima na gitaa likining'inia kwa mkanda. Makofi ya safari hii yalikuwa makubwa zaidi, ikabidi ainame tena. Bwana Lukasi akachukua kipaza sauti, akasema Mtwara haijawahi kupata mpiga gitaa kama Mwalimu Erasto. Kisha akawashukuru akina mama kwa mikeka.