Dimbwi la Mzee Ngollo

Dk. Najiat alifika Lusu siku kumi na mbili baada ya mvua ya kwanza, akakuta dimbwi la mzee Ngollo limeshajaa maji ya magotini. Alivua viatu, akaingia na wavu wake.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akihesabu humo aina mbili za visamaki: wekundu wanaostawi mvua zikiwa haba, na wa buluu wanaostawi zikiwa nyingi. Kiangazi dimbwi hukauka, wote hufa, mayai yao yakabaki topeni yakingoja mvua. Kwa kuwa miaka haifanani, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Hilo ndilo alilogundua, na ndilo lililompa jina.

Ndilo pia lililomfunga. Chuo kimoja cha Morogoro kilimwita mara mbili, akakataa, maana mwaka mmoja ukirukwa hesabu yote inaharibika. Mumewe, Abbasi, alihamia huko kikazi. Yeye akabaki peke yake nyumbani kwao Cheyo.

Siku hiyo alipata wekundu mia mbili na kumi. Wa buluu hakumpata hata mmoja, mwaka wa tatu sasa.

Ngollo alikuwa akimngoja ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Safari hii nataka nichimbe. Liwe lambo, lishike maji mwaka mzima. Kiangazi ng'ombe wangu wanafuata ile njia ya kale ya misafara nusu siku nzima kutafuta kisima, na mimi magoti yameisha."

Najiat alijua maana yake. Maji yasiyokauka yangeleta kambare, na kambare wasingebakiza kitu.

"Ulipokuja mara ya kwanza uliniomba mvua moja tu," Ngollo aliendelea taratibu. "Minza wangu alikuwa hajaolewa. Leo ana watoto wanne."

Neno "chimba" lilimfika Najiat mdomoni. Dimbwi likichimbwa, angefunga mizigo wiki ileile, na nani angemlaumu? Lakini huenda mayai ya wale wa buluu yalikuwa bado hai, hapo hapo chini ya nyayo zake.

"Nivumilie mwaka huu tu, mzee wangu."

Ngollo aliokota fimbo yake.

"Haya, mwalimu," alisema, akageuka kwenda kuwaswaga ng'ombe.

Najiat alimtazama akichechemea kupanda kilima. Moyoni alikuwa ameomba mzee akatae. Kisha akainama, akatumbukiza wavu tena.