Namba ya Lori la Kagera

Shiraz alilifufua lori la marehemu baba yake, Bedford lililochukuliwa na serikali mwaka 1978 kubeba askari kwenda vitani Kagera. Mafundi wa Mabatini waliunga bodi, wakafunga injini nyingine, wakalipaka kijani. Zikabaki kuandikwa upya alama za vita mlangoni: namba 41 na mshale. Kazi hiyo alinipa mimi, mchora maandishi ya magari. Akaniahidi kwamba ikimridhisha dereva wa zamani wa lori hilo, nitaandika mashairi yangu nyuma ya malori yake yote yanayovuka kwenda Sengerema. Ikinishinda, ataagiza stika Dar, kama matajiri wenzake walivyoanza.

Mimi ninayesomwa na Mwanza nzima, tarakimu mbili zinishinde?

Dereva huyo, mzee Chenge, aliitikia shikamoo yangu, akaitazama 41 niliyoipiga kwa rula, akatikisa kichwa. Akasema ile ya vitani aliiandika mwenyewe, kwa chokaa na mswaki wa mti, walipoukaribia mto Kagera. Haikunyooka. Nikafuta kwa petroli, nikaipinda. Akakataa. Nikaipinda zaidi, nikaacha rangi ichuruzike. Akakataa tena, na mafundi wakaniuliza kama shuleni kwetu hesabu ziliishia arobaini.

"Mzee, si umesema ilipinda?"

"Yako imepinda kwa madaha, bwana mdogo. Yangu ilipinda kwa woga. Mizinga ilikuwa inalia."

Nikamsukumia brashi, nikamwambia aandike yeye. Akaikataa. Alikata kijiti, akakitafuna ncha, akakichovya kwenye kopo. Akaanza kuandika mlangoni. Nne ikaiegemea moja kama mtu aliyechoka. Mshale ukachungulia chini. Ilikuwa mbaya, na hakuna aliyecheka.

Shiraz alipofika alifurahi, akanishika mkono. Akasema niweke jina langu chini ya namba kama kawaida yangu, kesho nianze malori. Mzee Chenge akageukia pembeni, akawa anakifuta kijiti chake. Alikuwa ananiachia nijitwalie sifa.

"Si mkono wangu," nikasema. "Kaandika yeye."

"Kwa hiyo imekushinda?"

"Hiyo imenishinda. Mashairi hayanishindi."

Shiraz akasema makubaliano ni makubaliano, akaenda kupiga simu Dar.

"Ungeandika tu jina, mjinga wewe," mzee Chenge akaniambia.

Nilizisugua brashi zangu kwenye petroli kwa hasira mpaka moja ikang'oka nywele zote.