Maiti wa Las Lomas

Pale Las Lomas tuta la barabarani huitwa maiti, maana limelala njiani na halina mpango wa kuamka. Bi Nidia, mpishi wa shule, alikuwa ameomba maiti wake mbele ya geti la shule kwa miaka mitatu. Wiki iliyopita kioo cha lori la mchanga kilinasa mkoba wa mjukuu wake Yuliana, kikambwaga chini. Mtoto alipona, lakini bibi yake hakupata usingizi tena.

Leo manispaa ilimtuma mhandisi, kijana Solano, na fomu yake.

"Waliokufa hapa ni wangapi, mama?"

"Hakuna, Mungu ashukuriwe."

Solano akaandika sifuri. "Basi haiwezekani. Kanuni inataka walau mmoja."

"Yaani nikuletee maiti ndiyo unipe maiti?"

"Si mimi, mama. Ni kanuni."

"Na hiyo kanuni yako ina wajukuu?"

Saa sita ilikaribia, saa ya watoto kutoka na malori kushuka. Hasira zikampanda Bi Nidia. Akavua aproni, akaikunja ikawa mto, akaingia katikati ya barabara na kulala chali.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si mlitaka maiti? Haya, pima. Mita moja na nusu, na mafuta yake."

Kengele ikalia. Kule juu ya mteremko lori likatokea, honi ikipigwa mfululizo. Bi Nidia hakujali. Kufa alikwisha kukubali, au ndivyo alivyojidanganya. Alisahau jambo moja tu: Yuliana alitoka getini, akamwona bibi yake kalala njiani, akaja mbio bila kutazama kulia wala kushoto.

"Bibiii!"

"Rudi! Yuli, rudi!" Akajaribu kuinuka, goti likagoma. Solano akatupa fomu, akakimbilia mbele ya lori, mikono juu. Breki zikapiga yowe, lori likateleza, likapinda, likasimama.

"Mna wazimu?" dereva akafoka. "Barabara ndiyo kitanda chenu?"

Bi Nidia alikuwa amemkumbatia mtoto hadi mtoto akalalamika kuwa anaumia. Aliogopa, na zaidi aliona aibu: hasira zake mwenyewe ndizo zilizomwita mjukuu wake mbele ya magurudumu.

Solano akaiokota fomu.

"Niandike nini, mama?"

Bi Nidia akatandaza kiganja chake juu ya lami. Kidole gumba kikagusa tairi, kidole cha mwisho kikagusa kiatu cha Yuliana.

"Andika shubiri moja."

Solano akapiga magoti, akatoa futi yake, akapima. Kisha akaifuta sifuri, akaandika moja.