Kitenge cha Mfumo wa Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta kuukuu ya Mzee Nasuru pale Koboko, Paska, karani wake, aliondoa kitenge kilichoifunika. Cha bluu kilikuwa cha siku za DOS, chekundu cha siku za Windows. Mzee, mfanyabiashara wa tumbaku na mume wa wake wawili, aliposikia mashine moja imebeba mifumo miwili ya kuiendesha, aliipangia zamu na kununua vitambaa vya urefu sawa, pasije pakawa na wivu. Mkulima wa Ludara aliyefuata barua iliyochapwa kwa Windows siku ya DOS aliambiwa arudi kesho.

Asubuhi hiyo Paska alikuta kitenge cha kijani. Alipowasha, mashine ikamtaka achague kati ya mifumo mitatu.

"Fundi Onzima alikuja jana kutoka Arua, akaongeza Linux," Mzee alisema mlangoni, ameshika kipande kingine cha kijani kile kile. "Unaona, binti? Mashine iko muzee, lakini tatu iko ndani na vita hakuna. Chukua hii, ukashone gauni."

Paska alielewa. Mwezi mzima alikuwa akijibu mafumbo ya Mzee kwa kukohoa. Akaandika barua ya mteja upesi, akajaribu kuihifadhi. Mashine ikasema nafasi imejaa.

"Imejaa?" Mzee alishangaa. "Basi futa barua za wateja!"

Paska alikunja kitenge cha gauni vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mzee, mimi sitaki kuwa mke wako."