Msindikizaji Hushukia Katikati

Usiku wa jana niliota, na kabla hujasema mzee huyu alilala na makande tumboni, jua kwamba nililala na uji mtupu. Nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hali chakula kizito.

Nilinuna kwa sababu ya tiketi. Binti yetu Elineema yuko Kanada, na kazi yake huko, nionavyo mimi, ni kupanda ndege na kushuka. Shirika la ndege humhesabia kila maili anayoruka, na maili zikijaa humzawadia safari. Basi zimejaa. Akamkatia mama yake tiketi ya kwenda kumwona mjukuu, daraja la kwanza, chumba chenye mlango, kitanda na bafu, vyote humo humo angani. Miezi mitatu. Tiketi moja.

"Zikijaa tena utakuja na wewe, baba," aliniambia kwenye simu.

Nikamjibu sina haja, ndege nimeziona nyingi. Na kweli nimeziona, zikipita.

Jioni mke wangu Namsifu akaniuliza, "Baba Elineema, kesho utanisindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni," nikasema. "Mgongo."

Akanitazama. Kwetu Upareni mgeni husindikizwa mpaka nusu ya njia, hata kama alikuja kukutukana. Mimi na shemeji yangu Mbonea tuliwahi kupoteza siku nzima kwa jambo hilo. Nilimfikisha nusu ya njia, akaona aibu nirudi peke yangu, akanirudisha nyumbani. Nami nikaona aibu, nikamtoa tena. Chakula cha mchana tulikila jioni, tena tumesimama. Na kutoka kwangu mpaka njia panda linapopita basi ni maili moja kamili, niliipima mwenyewe kwa pikipiki ya Idara ya Mifugo. Mtu aliyezunguka milima hii miaka thelathini na moja akichanja ng'ombe hashindwi na maili moja. Namsifu alijua hilo. Alifunga nauli yake kwenye pindo la kanga, akalala.

Nami nikalala, kwa hasira.

Niko sebuleni kwangu, lakini sebule ni uwanja wa ndege. Sishangai, maana hata kochi halishangai. Kabati la vyombo limekuwa kaunta, na nyuma yake imekaa mizani ya gulioni, ile ya kupimia kahawa. Imevaa tai.

"Karibuni," inasema mizani. "Mwageni maili zenu."

"Maili ni za binti yangu," anasema Namsifu.

"Za mtoto ni za mtoto. Leo kila mtu anapanda kwa maili zake mwenyewe, za miguu. Baba aanze."

Nilicheka moyoni. Katika wilaya nzima nani amenizidi kutembea? Nikainua mguu, nikaupiga sakafuni, na maili zikaanza kudondoka kisiginoni, kokoto nyeupe, moja moja. Nikapiga na wa pili. Likawa lundo la kutosha kujengea choo.

Mizani ikalichambua kwa ukucha. "Hizi za Ugweno ulilipwa posho ya safari. Maili yenye posho haina zawadi." Ikazisukuma chini. "Hizi ni za pikipiki. Hizi nazo, kila Jumamosi saa tisa, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kikaoni."

"Kikao cha pombe ya miwa," ikasema mizani, ikazifagia.

Zikabaki kokoto saba.

"Hizi zinakufikisha ngazi ya tatu ya ndege," ikasema. "Ngazi zenyewe ziko ishirini. Mama, zamu yako."

Namsifu hakupiga mguu chini. Alivua kandambili tu. Zikamwagika kama maharage kwenye gunia lililopasuka, na mizani ikawa inasoma: "Kisimani na kurudi. Kisimani na kurudi. Kuni. Gulioni, mkungu wa ndizi kichwani. Kisimani na kurudi. Zahanati, mtoto mgongoni. Zahanati, mtoto mgongoni. Kisimani na kurudi..." Sauti ikaikauka. Ikaomba maji. Namsifu akaenda kuiletea, na hiyo nayo ikahesabiwa.

Kokoto zilifika madirishani. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kochi.

"Mama," ikasema mizani kwa adabu ambayo haikunipa mimi, "kwa hizi unaweza kuichukua ndege nzima ukawaacha wenye ndege chini. Na huyu aliyepanda juu ya kochi ni nani?"

"Ni baba watoto wangu."

"Kisimani simwoni. Kwenye kuni simwoni."

"Mwandike msindikizaji," akasema Namsifu.

Ikanigonga muhuri katika paji la uso. Nilitaka kubisha, ila muhuri ulikuwa umeshakauka.

Mlango wa jikoni unafunguka na nyuma yake si jikoni, ni ndege. Anatupokea mhudumu. Ni ng'ombe, mwekundu, amevaa kilemba kidogo cha buluu, na mahali pa kibandiko cha jina ana hereni ya sikioni: 114.

"Karibu, mama," anasema. Halafu ananitazama mimi kwa muda mrefu, akitafuna. "Wewe hunikumbuki."

"Samahani, dada, niliwaona wengi."

"Kisangara. Mwaka themanini na nne. Chanjo ya kimeta. Ulisema haitauma."

Nikainamisha kichwa. Mtu akikamatwa na kweli, ainame.

"Abiria wa daraja la kwanza huoga kwanza," akaendelea. "Bafu ni hili hapa."

Kumbe bafu ndilo josho, lile lile la kuogeshea mifugo, handaki refu la saruji lenye maji ya dawa. Namsifu likampitisha juu juu, hata kanga haikulowa. Mimi mhudumu alinisukuma kwa fimbo. Nikazama mpaka masikio, nikaogelea, nikatokea upande wa pili nanuka kama ndama mwenye afya.

"Pua juu," aliniambia nilipokuwa katikati. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia wao.

Chumba chenyewe, ndugu yangu, acha tu. Mlango wa kuteleza. Taa inayouliza kama uko tayari kulala. Shuka zilizopigwa pasi pande zote mbili. Na katikati, kiti, kipana kama mlango wa kanisa.

"Mimi ni kiti," kikamwambia Namsifu. "Nikichoka nakuwa kitanda. Lete magoti yako."

"Nipe kwanza ufagio," akasema Namsifu.

"Pameshafagiliwa, mama."

Hakukiamini. Akapitisha kidole chini ya dirisha, akakitazama kidole, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kutoa pole. Mhudumu akaleta orodha ya vyakula, kurasa kumi na nne.

"Tumekuja na makande," akasema Namsifu, na akafungua hotipoti.

Kiti kikaanza kumkanda magoti. Pole pole nikaona mgongo wa mke wangu unalegea, halafu bega, halafu shingo. Mwisho akajilaza. Miaka arobaini na miwili ya ndoa sijawahi kumwona amelala mchana. Na mimi nimepewa kigoda, mlangoni, nje ya zulia.

"Mama," kiti kikamnong'oneza, nami nasikia, "akilala mtu hapa mara moja, kitanda cha kamba hakimwingii tena akilini."

Nikashika kigoda kwa mikono miwili.

Ndipo rubani akakohoa kwenye kipaza sauti. Kikohozi kile ningekitambua hata kaburini. Rubani ni pikipiki yangu ya Idara, ile iliyofutwa kazi mwaka tisini na nane kwa sababu ya ubovu wa injini.

"Abiria," ikasema, "tumefika nusu ya njia. Wasindikizaji wote washuke."

Nikatazama kulia na kushoto. Msindikizaji ni mimi peke yangu.

"Dada," nikamwambia mhudumu, "chini ni mawingu."

"Ndiyo."

"Na chini ya mawingu?"

"Bahari. Lakini sheria si yetu, ni ya kwenu. Msindikizaji hushukia katikati." Akafungua mlango wa ndege kwa pembe. "Na kabla hujashuka, kushoto au kulia?" Alikuwa ameshika sindano, ile ya ng'ombe.

"Kushoto," nikasema. "Utanichoma taratibu?"

"Haitauma," akasema.

Ikauma.

Nikasimama mlangoni. Upepo unavuta suruali. Katika mpasuko wa mawingu naiona nyumba yangu, kumbe inaonekana hata kutoka baharini, ndogo kama punje ya kunde, na jiko halifuki moshi.

Nikageuka. "Mama Elineema! Chumvi iko wapi?"

"Rafu ya pili," akajibu bila kufumbua macho, "nyuma ya kopo la majani ya chai."

"Na kibiriti?"

"Mfukoni mwako."

"Na kuku wanalishwa saa ngapi?"

Akafumbua jicho moja. "Baba Elineema. Mtu anayesimama mlangoni pa ndege anaulizia kuku?"

"Nauliza tu."

"Unaogopa chumvi?"

Nadhani injini zilijizima ili zisikie.

"Naogopa usirudi," nikasema. "Kitanda hicho, hata ningekuwa mimi nisingerudi."

Mhudumu akaacha kutafuna. Kiti kikajifanya kinatazama nje. Namsifu akakaa, akajifunga kanga vizuri, akatafuta kandambili kwa miguu.

"Mama, ukiinuka nitapoa," kikasema kiti.

"Poa," akasema Namsifu. Akamgeukia mhudumu. "Mwambie huyo dereva ageuze."

"Mama, ndege haigeuzwi."

"Mtu kanisindikiza mpaka nusu ya njia, nimwache arudi peke yake? Nitamtazamaje mama yangu mzazi huko aliko? Na hii ndege inakwenda kwa maili za nani?"

"Zako, mama."

"Haya."

Ndege ikageuka. Ikatua uani kwetu, katikati ya migomba, ikakanyaga sinia la mahindi yaliyoanikwa. Nikashuka. Namsifu akasimama mlangoni, ananipungia mkono. Nikafika kwenye kizingiti cha nyumba, na aibu ikanishika kisogoni. Mke wangu kanileta mpaka nyumbani, halafu aondoke hivi hivi, kama mtu aliyefukuzwa?

"Ngoja," nikasema, "nikutoe kidogo."

Nikapanda. Tukafika nusu ya njia. "Wasindikizaji washuke," ikasema pikipiki. "Geuza," akasema Namsifu. Tukarudi. Kizingitini aibu ikanishika. Nikapanda.

Safari ya nne mhudumu alivua kilemba. Ya tano, kiti kiliomba kiwe kiti tu, kitanda basi. Makande yaliisha katika ya sita. Nami kila safari kigoda changu nakikuta kimesogea, kwanza juu ya zulia, halafu kitandani, halafu hakipo, na mimi nimekaa kando ya Namsifu kwenye ile ncha ya kiti, magoti yetu yamegusana, tunatazama mawingu yale yale kwa mara ya saba.

"Yamefanana na kondoo wa Mbonea," akasema.

"Kondoo wa Mbonea wamekonda."

"Hayo nayo yamekonda. Tazama lile."

Mizani ikaingia bila kubisha hodi. Tai imeilegea. "Mama," ikasema, "zimeisha."

"Zote?"

"Imebaki moja. Haipandishi mtu hata ngazi." Ikamkabidhi kokoto moja nyeupe. Namsifu akaifunga kwenye pindo la kanga, kando ya nauli, akakaza fundo kwa meno.

"Sasa Kanada utafikaje?" nikamuuliza.

"Safari yangu ni kesho, kwa maili za mwanangu," akasema. "Hii tulikuwa tunasindikizana tu."

Pikipiki ikakohoa mara ya mwisho, kwa mlio wa kengele ya baiskeli.

Ilikuwa ni baiskeli ya Mbonea, uani. Kumeanza kupambazuka, na shemeji amekuja kubeba begi. Bega la kushoto linaniuma, lakini bega langu huuma kila asubuhi, kwa hiyo huo sikuuhesabu kuwa ushahidi.

"Shemeji!" Mbonea anaita. "Umeamka au umefariki?"

Namsifu amesimama karibu na mlango, tayari, kanga ya kusafiria mabegani. Anafungua pindo ahakikishe nauli. Noti zinatoka. Halafu kitu kinadondoka sakafuni, tik, na kuviringika mpaka kando ya kitanda, mbele ya pua yangu.

"Hiki nani kaniwekea?" anasema.

Nikanyoosha mkono. Kokoto nyeupe. Ya baridi, baridi ya kuunguza vidole, na imeota barafu upande mmoja. Nyumba yetu haina friji.

Nilivuta viatu chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Si ulisema mgongo?"

"Upo," nikasema. "Nitauchukua."

Tulitembea, Mbonea mbele na baiskeli, sisi nyuma. Nusu ya njia, pale penye daraja la miti, Namsifu alipunguza mwendo, akanitazama kwa pembe ya jicho. Sikusimama. Kokoto niliifumbata mkononi njia nzima, na niliisikia ikipungua.

Basi lilipofika akapanda, akatoa kichwa dirishani. "Rafu ya pili," akasema, "nyuma ya majani ya chai."

Sikuwa nimemuuliza.

Nilipofumbua kiganja mlikuwa na maji tu. Nikarudi nyumbani peke yangu, maili moja kamili. Hiyo ni yangu, na haina posho.