Bahasha ya Marekebisho

…na kidole cha binti mwanafunzi bado kiko pale pale, juu ya Ibara ya arobaini na nne ya Katiba, "mama, hebu soma mwenyewe, si imeandikwa Rais atateua mawaziri, nukta?" na mkutubi anasoma kana kwamba hajawahi kuiona, Rais atateua mawaziri, nukta, ndiyo, imeandikwa, na goti lake chini ya meza linagusa droo ya tatu, ile inayogoma kufunguka, na anakumbuka, ndani ya droo hiyo, chini ya kalenda ya mwaka juzi, iko bahasha ya kaki… Mungu wangu, ile bahasha… ililetwa wiki ile mama yake mzazi amelazwa, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe na jina lake, akasema atabandika kesho, na kesho yake bi mkubwa akafariki, na baada ya msiba nani anakumbuka vikaratasi vya ibara… Babu Gundi angekumbuka, mkutubi aliyemwachia meza hii, yeye marekebisho ya Katiba yakifika hali wala hanywi mpaka kila kikaratasi kimekaa juu ya ibara yake, kitabu kimevimba kama shavu la mwenye matumbwitumbwi, akisema gundi ndiyo digrii yake ya pili… kwa kuthibitishwa na Bunge, maneno manne tu, ndiyo yaliyoongezwa, ndiyo yaliyolala humo gizani, "sifuri niliyopewa kwa kuinukuu hivi kwenye insha si neno, mama," binti anasema, "ila mhadhiri amesema mbele ya darasa zima kwamba sikukanyaga maktaba, nimeokoteza mtandaoni nikasingizia kitabu, na kesho kutwa naitwa kamati ya nidhamu, sasa hivi yuko ofisini, nikimwonyesha hiki atanielewa, ndilo toleo linalotumika, sivyo?" na huyu, tangu muhula uanze, anakaa kiti cha dirishani chenye mguu mbovu, ni yeye mkutubi aliyemfundisha kutafuta mijadala ya Bunge, tarehe kwanza, jina la mbunge baadaye, ni yeye aliyemwambia, kwa kinywa hiki hiki, usiamini kila cha mtandaoni, njoo usome kitabu… anaogopa, jamani, anaogopa, wiki ijayo mkutubi mkuu anaandika tathmini za watumishi, na nafasi ya usimamizi ameingojea miaka tisa, na gundi hii hapa, kwenye kopo la kalamu, vidole vimeshaifikia vyenyewe… aseme kitabu hakitoki leo, kinakwenda kushonwa jalada, dakika tano, apake, abandike, akandamize kwa kidole gumba, basi, kitabu safi, yeye safi, na kamati ikija ikafungua ukurasa maneno manne yatakuwepo, na binti atayagusa kwa kidole hicho hicho, atadhani macho yake ndiyo yaliyomdanganya, atasema lakini mimi nilisoma, nilisoma kabisa… "dawa ya saa sita sijapewa," alisema bi mkubwa kitandani, sauti imekauka, na muuguzi akaleta kadi, tiki hiyo hapo, na yeye, mtoto wake wa kuzaa, msomi, mtu wa maandishi, akaitazama ile tiki akamwambia, "mama, umesahau tu, imeandikwa umepewa," na bi mkubwa hakubisha, aligeukia ukutani, na jioni kidonge kikaonekana kwenye kisahani cha kitanda cha jirani, na yeye hakurudi kumwambia mama yake kwamba kweli hakupewa, alingoja kesho, ile kesho… "mama?" na mwanga wa asubuhi uko mezani, mtu anakohoa kwenye rafu za magazeti, kidole hakijasogea, kucha fupi, wino kwenye kiungo, na mkono umeiacha gundi, hajui umeiacha saa ngapi, hajui atamwambia nini mkutubi mkuu, anajua tu kwamba bahasha itatoka vile vile ilivyo, na muhuri, na tarehe, na jina lake, itakwenda na binti mpaka kwa mhadhiri, na yeye atakwenda nayo, "ni hiki, sivyo, mama?" na mkono uko kwenye kishikio cha droo ya tatu, anavuta, inagoma kama kawaida yake, anashika kwa mikono miwili.